Mngurumo Nyumbani kwa Bwana Kimya

Muasya wa Kilonzo hakuzipenda redio kwa ajili ya nyimbo. Alichopenda ni kuzisikia zikinyamaza vizuri. Alikuwa akiitengeneza redio, akiifunga, akiteremsha sauti yake mpaka chini kabisa, kisha akiinamisha sikio kwenye spika kama mtu anayemsikiliza mgonjwa kifuani. Akisikia mvumo au mkwaruzo, aliifungua tena. Wenye redio walichoka kumngojea, lakini walirudi kwake.

Kazi hiyo aliianza vitani. Alitoka kwao Kangundo akiwa kijana asiyejua hata kuwasha tochi, akaandikwa jeshini, akapelekwa Burma akibebeshwa betri na mizunguko ya nyaya mgongoni. Sajini mmoja alipogundua kuwa kijana huyu ana mikono mitulivu, akamkalisha kwenye mitambo. Vita vilipokwisha, wenzake walirudi mashambani. Yeye alishuka Thika, akaingia katika duka la Lalji, Mhindi aliyeuza baiskeli, karabai na redio, akamwomba amwachie zile redio mbovu zilizorundikwa nyuma ya duka. Alipofufua nusu yazo, Lalji alimpa meza, stuli, na dirisha la kumulikia. Akaoa binti wa kwao aitwaye Kamene, wakapanga chumba mtaa wa Kamenu, na maisha yakaenda.

Kisha ikaja hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikipambana na wapiganaji wa msituni. Kufikia mwaka wa hamsini na tano, barabara ya kutoka Thika kwenda Ruiru ilikuwa na vizuizi kila baada ya mwendo mfupi, na Wakikuyu wa upande ule walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa. Mkamba kama Muasya aliweza kupita, lakini alipita akiwa ametazamwa kuanzia kofia mpaka visigino vya viatu. Mfuko wake wa kazi, uliojaa nyaya na betri, ulimwagwa chini mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka. Nyaya zilikuwa kitu cha kutilia shaka.

Ndani ya mwaka huo, meneja wa shamba moja la kahawa karibu na Ruiru aliletewa mashine za muziki kutoka Uingereza. Wafanyakazi walimwita meneja huyo Bwana Kimya, kwa kuwa aliweza kukagua kahawa asubuhi nzima asiseme neno. Alimwagiza Lalji ampelekee fundi wa kuziunganisha, na Lalji akampeleka Muasya.

Muasya hakuwa ameona kitu kama kile katika nyumba ya mtu. Palikuwa na mashine ya kuchezea santuri, palikuwa na sanduku dogo la vitufe, palikuwa na amplifaya ya kukuza sauti, yenye valvu za kioo nene kama chupa za dawa, na palikuwa na kabati la spika lililomfika kifuani. Pamoja na hivyo, Bwana Kimya alitaka redio yake ya zamani iunganishwe humohumo, ili sauti zote zitokee katika spika moja.

Muasya alifanya kazi siku nzima, na mwisho wa siku aligundua shida. Nyuma ya sanduku la vitufe palikuwa na matundu mawili ya kuingizia sauti. La kwanza lilikuwa la sindano ya santuri, ambayo hutoa umeme mdogo mno, wa kunong'ona. La pili lilikuwa la redio, lakini redio ya kiasi. Hii ya Bwana Kimya haikuwa ya kiasi. Ilisukuma nguvu nyingi kupita zile ambazo tundu lilihitaji. Matokeo yake, ukicheza santuri ilibidi kitufe cha sauti kizungushwe karibu na mwisho ndipo muziki ujaze chumba. Na ukihamia redio kitufe kikiwa palepale, nyumba ilitetemeka.

Dawa yake aliijua. Zilihitajika rezista mbili ndogo, zifungwe kwenye waya wa redio ili zipunguze ule msukumo, mpaka redio na santuri zifike kwenye amplifaya zikiwa na nguvu moja. Rezista za kiasi kile hazikuwapo katika mfuko wake. Angeweza kuzing'oa katika redio mbovu kule dukani na kurudi kesho yake. Lakini Bwana Kimya alikuwa na wageni mwisho wa juma na alitaka nyaya ziachwe zilivyo.

"Bwana," Muasya alimwambia, "kabla ya kutoka kwenye santuri kwenda kwenye redio, teremsha sauti kwanza. Mpaka chini kabisa. Mimi nitarudi kumaliza."

Bwana Kimya aliitikia kwa kichwa. Mlangoni alikuwa amesimama Wakonyo, mwanamke aliyefagia na kufua katika nyumba ile, ameshika sinia ya chai. Alikuwa Mkikuyu, mtu mzima, ambaye wafanyakazi wenzake walimwita Mama Ndung'u. Mume wake alikuwa ameshikwa na kupelekwa kambi ya kizuizini, na yeye mwenyewe aliruhusiwa kutoka kijijini asubuhi na kurudi kabla ya giza kwa sababu ya kazi hii tu. Muasya aliipokea chai, akamshukuru, akafunga mfuko wake. Hakumwambia chochote kuhusu vitufe. Haikumpitia akilini kwamba anayeigusa mashine kila siku kwa kitambaa cha vumbi ni huyu.

Akarudi Thika. Dukani alikuta kazi imejaa. Juma la kwanza likapita, la pili likapita, na Bwana Kimya hakutuma mtu kumwita. Muasya akajiambia kuwa mwenye mashine ameshazoea kuteremsha sauti.

Land Rover ya polisi ilisimama mbele ya duka mchana mmoja jua likiwa kali. Akashuka inspekta wa Kizungu, kijana, shingo imeungua na jua.

"Fundi ya muziki iko wapi?"

Lalji alielekeza kidole tu, halafu akatazama pembeni. Muasya akaweka chini chuma cha kulehemu, akafuta mikono, akachukua mfuko. Aliyepelekwa katika gari la namna ile hakuulizwa anataka kurudi saa ngapi.

Walipita Witeithie, wakapita Juja, mkonge ukikimbia pande zote mbili za barabara, na kila kizuizi kilifunguliwa kabla hawajakifikia. Walipoingia kwa Bwana Kimya, kitu cha kwanza alichoona ni dirisha la sebule. Halikuwa na kioo. Cha pili ni Wakonyo, ameketi chini kando ya tangi la maji, mikono imefungwa kwa kamba, askari mmoja amesimama juu yake. Hakuinua uso.

Inspekta alimweleza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, na mengine Muasya akayajua baadaye. Jana yake alasiri, jua bado likiwa juu, Bwana Kimya akiwa kiwandani kwenye mitambo ya kukobolea kahawa, mashine ile ilinguruma ghafla sebuleni kukiwa hakuna mtu. Ilinguruma kama bomu. Mlinzi wa verandani, askari aliyewekwa pale na polisi, alifyatua bunduki kupitia dirishani. Risasi ilitoboa mlango wa mbao ulioelekea jikoni na kumpata Tobias, mpishi, mkononi juu ya kiwiko. Sasa alikuwa hospitalini, na haikujulikana kama mkono utabaki.

"Huyu mwanamke," inspekta alisema, "bwana yake iko kambini. Mlinzi aliona yeye karibu na mashine. Halafu kelele. Hiyo ni ishara kwa watu wa msituni. Wewe angalia mashine. Sema mimi nani alichezea."

"Nikiangalia nikakuta haikuchezewa?"

Inspekta alimwonyesha mlango kwa kidole. "Angalia kwanza."

Muasya alitaka maji ya kunywa. Akaenda bombani nyuma ya nyumba, na hapo mlinzi akamfuata. Alikuwa Nzomo, mtu wa Kangundo pia, ambaye boma lao na boma la kina Muasya yalitenganishwa na kijito. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. Bunduki alikuwa nayo begani.

"Ndugu yangu," Nzomo alisema kwa Kikamba, sauti ya chini, "nashukuru ni wewe wameleta. Sema tu kwamba ilichezewa. Huhitaji kusema na nani."

"Wewe ulimwona akiigusa?"

Nzomo aliurekebisha mkanda wa bunduki begani.

"Nzomo. Ulimwona?"

"Nilimwona anaingia na kitambaa cha vumbi. Anafuta vumbi kila siku, si ni kazi yake? Halafu alitoka."

"Kelele ilipolia alikuwa wapi?"

Nzomo aliitazama kamba ya kuanikia nguo, ng'ambo ya ua, shuka zikiwa bado zimeanikwa tangu jana. "Wewe unajua watanifanya nini? Nimempiga mpishi wa Bwana. Mtu ambaye ananipa chai kila asubuhi. Nikisema niliogopa redio, wataninyang'anya kazi, watanifunga. Huyu mama ni mtu wa wale wa msituni. Mume wake tayari yuko ndani. Mimi nina watoto."

"Na yeye hana?"

"Usinifanyie hivyo, Muasya. Kwetu utarudi vipi?"

Muasya alimaliza kunywa. Akafunga bomba, akaingia ndani.

Baada ya mngurumo ule, Bwana Kimya alikuwa ameng'oa waya wa umeme ukutani, na tangu hapo hakuna aliyegusa kitu. Muasya aliinama mbele ya sanduku la vitufe. Kitufe cha sauti kilikuwa juu, palepale pa santuri. Swichi ya kuchagulia ilikuwa imesogea hatua moja, kutoka santuri kwenda redio. Juu ya sanduku vumbi lilikuwa limefutwa, na nyuma, mahali ambapo kitambaa hakifiki, lilikuwepo.

Alielewa mara moja. Bwana Kimya alisikiliza habari za mchana kwenye redio, kisha akaweka santuri, kisha akaitwa kiwandani na kuacha kila kitu kikiwaka, santuri ikaisha yenyewe. Mchana kituo hunyamaza; mitambo yao huwaka lakini hakuna anayesema wala kuimba mpaka alasiri. Wakonyo alipopitisha kitambaa na kusogeza ile swichi, hakusikia chochote. Alimaliza kazi yake, akatoka kwenda kuanua nguo. Kituo kilipofunguliwa, tarumbeta zao za kuanzia matangazo zilipita katika tundu lile lisilozuiwa na kitu, na kitufe kikiwa karibu na mwisho.

Hapo pia alielewa jambo la pili, na hili ndilo lililomfanya aendelee kuinama ingawa kazi ya kuangalia ilikuwa imekwisha. Aliyeliacha tundu lile wazi ni yeye. Rezista mbili za kung'oa katika redio mbovu. Alijua, akaacha.

Akiinuka aseme hivyo, ataulizwa kwa nini. Fundi wa Kiafrika aliyeacha nyumba ya Mzungu na mtego ndani yake, katika mwaka ule. Alimwona kwa mawazo Kamene akija na chakula kwenye lango la jela. Akiinuka aseme ilichezewa, gari litaondoka na Wakonyo, naye atafika Thika kabla duka halijafungwa.

"Sasa?" inspekta aliuliza kutoka mlangoni. Bwana Kimya alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Haikuchezewa," Muasya alisema. Akainuka, akarudia. "Haikuchezewa, Bwana. Mimi ndiye niliyeiunganisha. Redio inatoa nguvu nyingi kuliko santuri, na nilitakiwa nizilinganishe. Sikuzilinganisha. Mtu yeyote akisogeza hii swichi kwa kitambaa tu, itanguruma hivyo."

"Wewe nataka kusaidia huyu mwanamke?"

"Simjui, Bwana. Ninaijua mashine."

"Onyesha mimi."

Muasya alirudisha waya ukutani. Valvu zikaanza kuona haya, nyekundu hafifu, kisha zikakolea. Aliacha kitufe cha sauti kilipokuwa. Akaweka santuri, sindano ikagusa, na wimbo wa piano ukajaa chumba kwa kiasi, wala hakuna aliyehitaji kuinua sauti ili asikike. "Sasa nahamia redio," alisema, akakaza mwili, akasogeza swichi.

Hakikutokea kitu. Spika ilivuma kidogo tu, kama nyuki aliye mbali.

Inspekta alicheka kwa pua. Nje, Nzomo alikuwa amesimama verandani, na kupitia dirisha lisilo na kioo Muasya alimwona akishusha pumzi.

"Kituo hakijaanza," Muasya alisema. "Huu ni wakati wao wa kunyamaza. Jana pia mama huyu alipofuta vumbi kilikuwa kimenyamaza. Tungoje, Bwana. Kikianza mtasikia."

"Hapana ngoja."

"Alasiri imeshafika. Si muda mrefu."

Inspekta alitoa sigara, akaiwasha. "Hii ikiisha, mimi nakwenda. Yeye nakwenda na mimi. Pengine wewe pia."

Muasya akamtazama Nzomo dirishani, na bunduki yake. "Bwana, naomba askari atoe risasi kwenye bunduki. Kelele itakuwa ya ghafla."

"Askari yangu hapana toa risasi. Yeye nasimama pale alisimama jana."

Basi wakangoja. Inspekta alivuta sigara akiegemea mlango. Bwana Kimya aliketi ukingoni mwa kiti. Muasya alisimama kando ya mashine, na kila alipojaribu kusogea pembeni aliona kuwa sebule ile haina pembe ambayo dirisha halifiki. Aliyekuwa nje alikuwa mtu aliyemjua tangu utoto, aliyewahi kuogelea naye katika kijito kile, naye alikuwa na sababu ya kutotaka mashine hii iseme. Bunduki ikilia mara ya pili, ingekuwa ajali kama ya jana. Mkono wa Muasya ulikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye kitufe cha sauti. Angeweza kukiteremsha kidogo. Hakuna ambaye angejua. Kituo kingefunguliwa, tarumbeta zingelia kwa adabu, na inspekta angesema, haya, umeona, hapana kelele. Aliurudisha mkono, akaufumbata na mwenzake nyuma yake.

Sigara ilifika kwenye vidole. Inspekta aliidondosha, akaikanyaga, akatoka mpaka kizingitini. "Washa gari," alimwita dereva. Injini ikanguruma uani. Muasya alimsikia askari wa kule tangini akimwambia Wakonyo asimame.

"Bwana, kidogo tu," Muasya alisema.

"Basi."

Neno hilo halikumalizika. Kabati la spika lilipasuka kwa tarumbeta. Haikuwa muziki, ilikuwa pigo, kama lori lililogonga ukuta wa nyumba. Picha ilianguka. Vikombe vilicheza katika kabati la vyombo. Muasya, aliyekuwa ameingoja, aliruka hata hivyo, na alipofumbua macho aliona mambo mawili. Inspekta alikuwa amepiga goti moja sakafuni, bastola mkononi, ameielekeza kwenye spika. Na dirishani, mdomo wa bunduki ya Nzomo ulikuwa umeinuka, unamtazama yeye kifuani.

Hakujaribu kukimbia. Aliona kidole cha Nzomo kwenye mtambo wa bunduki, akaona uso wake, ukiwa na hofu tupu kama ya mtoto. Tarumbeta ziliendelea kupiga. Kisha bunduki ikashuka polepole mpaka ikatazama sakafu ya veranda, na Nzomo akaketi palepale alipokuwa, mgongo ukutani.

Muasya akateremsha kitufe. Kimya kilichokuja kiliwauma masikio.

Inspekta aliitazama bastola yake kama kitu alichookota. Akairudisha kiunoni, akasimama, akapangusa goti. Uso ulikuwa umemwiva kuliko shingo.

"Ni hivyo jana?" alimuuliza Nzomo kupitia dirishani.

"Ni hivyo, Afande." Nzomo hakuinuka. "Na yule mama hakuwa ndani. Alikuwa kule kwenye nguo. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu kabla haijalia. Niliogopa kusema."

Ndipo Bwana Kimya akafungua kinywa, na alizungumza Kiswahili taratibu ili kila mtu aelewe, hata dereva aliyekuwa uani. "Fundi aliniambia niteremshe sauti. Niliacha hivyo hivyo nikaenda kiwandani. Wakonyo sikumwambia. Mfungueni."

Walimfungua. Alama za kamba zilikuwa zimebaki kwenye vifundo vya mikono. Inspekta aliondoka bila kumwangalia, akaondoka na Nzomo ndani ya gari, na Muasya akaachwa.

Jioni ile, Bwana Kimya alimletea redio ya zamani iliyokufa kutoka stoo, na Muasya akang'oa humo rezista alizohitaji. Alizifunga kwenye waya wa redio, moja ikizuia, nyingine ikimwaga kinachozidi, akapima, akabadilisha moja, akapima tena. Alihama kutoka santuri kwenda redio, redio kwenda santuri, mpaka ikawa ukifumba macho unasikia nyimbo tu zimebadilika, nguvu ya sauti ikiwa ileile. Wakonyo alikuwa jikoni akifunga kitambaa chake kichwani, akijitayarisha kwenda kijijini kabla lango halijafungwa.

"Mama Ndung'u," Muasya alimwita. "Njoo uisogeze hii mwenyewe, uone kwamba sasa haina neno."

Alikuja mpaka mlangoni, hakuingia. "Hapana, fundi," alisema. "Wewe ndiye umeijua. Mimi sitaigusa tena."

"Ningekuambia siku ile ulipoleta chai."

"Ungeniambia," Wakonyo alisema. Haikuwa lawama wala msamaha. Alimtazama kidogo, kisha akasema, "Lakini leo ulisema," akachukua kikapu chake na kwenda.

Hakurudi kazini katika nyumba ile. Bwana Kimya alimpa kazi ya kuchambua kahawa kwenye meza za kukaushia, nje, pamoja na wanawake wengine, na huko alikaa mpaka hali ya hatari ilipokwisha. Nzomo alifutwa ulinzi, akalala ndani majuma machache, akaachiliwa. Kilichomwokoa, watu walisema, ni lile goti la inspekta, kwani ingekuwa vigumu kumfunga mtu kwa kuogopa kitu kilichomwogopesha hata mkubwa wake. Alirudi Kangundo. Kwa muda mrefu Muasya alipokwenda nyumbani, mtu huyu alivuka upande wa pili wa njia. Baadaye wakaamkiana, lakini hawakukaa tena pamoja.

Muasya hakufungwa. Lalji alimkaripia mbele ya wateja, na kwa karibu mwaka mzima hakumruhusu kwenda kufanya kazi nyumbani kwa mtu. Alipotoka shambani siku ile, alikuwa amechelewa, na Kamene alikuwa ameketi mlangoni kwao Kamenu na majirani, amesikia kwamba amechukuliwa na polisi. Muasya alikunywa uji uliokuwa umepoa, akaketi na kumshika mkono.

Jumapili iliyofuata walikwenda wote wawili hospitalini kumwona Tobias. Alikuwa mtu wa Maragoli, mkubwa wa mwili, na kitanda hakikumtosha. Mkono haukukatwa, lakini daktari alikuwa amemwambia hautanyooka. Mke wake, Nelima, alikuwa amesafiri kwa gari moshi kutoka kwao, na alikaa kando ya kitanda akimmenyea viazi vitamu.

Muasya alisema alilokuja kusema. Alilisema lote: rezista, majuma yaliyopita, dukani alivyoahirisha. Tobias alisikiliza akitafuna. Nelima aliacha kumenya.

"Kwa hiyo si Nzomo," Tobias alisema mwishowe.

"Nzomo alipiga. Lakini mimi ndiye niliyeacha kitu cha kumshtua."

Tobias aliujaribu mkono wake, ukainuka kidogo na kukwama. "Mimi mkono huu ndio ninaoukandia unga," alisema. "Sijui utakavyokuwa."

Kamene alitoa mayai waliyokuwa wameleta, Nelima akayapokea kwa mikono miwili, na wageni wakakaa mpaka kengele ya mwisho wa kutazama wagonjwa ilipolia na muuguzi akaja kuwaambia watoke.